HO au 1:64? Kuchagua skeli ya kujenga reli zetu nyumbani

Anayetaka reli ya mfano ya Uingereza au Marekani hana kazi kubwa ya kuchagua. Anaingia dukani, anachukua boksi lenye injini, mabehewa na reli ya duara, na kila kilichomo kinaoana na kingine. Sisi tunaotaka kuiona injini ya mvuke "Mount Gelai" ikikwea kutoka pwani kuelekea Voi, au treni ya TAZARA ikichomoza kwenye mahandaki baada ya Mlimba, boksi hilo hatuna. Injini zetu hazikai kwenye rafu za maduka ya kawaida. Kwa hiyo skeli (mara ambazo mfano umepunguzwa kutoka kitu halisi) utakayoichagua siku ya kwanza ndiyo itakayoamua utanunua magurudumu ya nani, utajenga nini kwa mikono yako, na meza itachukua ukuta gani wa nyumba.

Ushauri wangu ni mmoja: anza na geji, yaani upana kati ya reli na reli, ya njia unayoipenda, ndipo uende kwenye katalogi. Wengi hufanya kinyume. Wananunua seti ya HO (1:87) kwa sababu ndiyo waliyoiona, kisha wanapaka mabehewa rangi za Kenya au Tanzania, na bado kitu kinakataa kufanana na kile wanachokikumbuka. Kinachokataa ni upana wa reli.

Tuna geji tatu. Reli ya zamani ya Kenya na Uganda, pamoja na reli ya kati ya Tanzania, ni ya mita moja: milimita 1,000 kati ya reli na reli. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, ni ya milimita 1,067 ili iungane na reli za kusini mwa Afrika. SGR, iliyoanza kubeba abiria Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2024, ni ya milimita 1,435. Ukigawa kwa skeli unapata upana ambao reli ya mezani ingepaswa kuwa nao. Safu ya mwisho ni urefu wa klasi 59, injini ya mvuke ya aina ya Garratt (boila moja katikati ya seti mbili za magurudumu), ambayo kwa ukweli wake ni mita 31.7.

| Skeli | Reli ya mita | TAZARA | SGR | Klasi 59 |
|---|---|---|---|---|
| 1:160 (N) | mm 6.3 | mm 6.7 | mm 9.0 | sm 20 |
| 1:120 (TT) | mm 8.3 | mm 8.9 | mm 12.0 | sm 26 |
| 1:87 (HO) | mm 11.5 | mm 12.3 | mm 16.5 | sm 36 |
| 1:64 (S) | mm 15.6 | mm 16.7 | mm 22.4 | sm 50 |
| 1:22.5 (G) | mm 44.4 | mm 47.4 | mm 63.8 | sm 141 |

Reli zinazotoka viwandani kwa wingi ni za milimita 6.5, 9, 12, 16.5 na 45. Weka namba hizo kando ya jedwali, na utaona mwenyewe wapi zinaoana na wapi zinapishana. Kwa mtu wa Afrika Mashariki ushindani wa kweli uko kati ya HO na 1:64, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

HO: geji mbili kwenye meza moja

Sababu kubwa ya kuchagua 1:87 ni mahali kama Syokimau. Pale treni ya abiria inayotoka stesheni ya kati ya Nairobi kwa reli ya mita inawashusha watu kando ya stesheni ya SGR, na mtu aliyesimama hapo anaona enzi mbili kwa mpigo mmoja. Dar es Salaam nako stesheni mpya ya SGR haiko mbali na stesheni kongwe ya reli ya kati. Ukitaka kujenga mandhari ya namna hiyo, HO inakupa reli za viwandani kwa geji zote mbili: milimita 16.5 kwa SGR, ambayo kila mtengenezaji wa HO anayo, na milimita 12 kwa reli ya mita. Hii ya 12 huitwa HOm. Peco wa Uingereza wanaiuza, na Tillig na Bemo wa Ujerumani pia, hasa kwa ajili ya wapenzi wa reli za milimani za Uswisi kama Rhätische Bahn. Inazidi kipimo sahihi kwa nusu milimita, na jicho halilioni hilo.

Angalia jambo moja unapoagiza. Reli ya TT nayo ni ya milimita 12 na mara nyingi hupatikana kwa bei nafuu zaidi, ila mataruma yake (vipande vinavyolala chini ya reli) yamepimwa kwa 1:120, hivyo ni membamba na yamebanana mno. Mabehewa yatapita bila shida, lakini picha ya njia itaharibika. Hakikisha boksi limeandikwa HOm. Na ukishaifunga njia, usiyapake mataruma rangi ya mbao kila mahali: sehemu kubwa ya reli yetu ya mita imekaa juu ya mataruma ya chuma, na rangi yake ni kutu ya kahawia iliyochanganyika na vumbi.

Upande wa SGR ya Kenya kazi imerahisishwa. Injini za abiria ni aina ya DF11 na za mizigo ni DF8B, zote za kutoka China, na DF11 imetengenezwa kwa HO kwa ajili ya soko la Wachina. Inakuja na rangi za kwao, kwa hiyo unaondoa maandishi, unapaka upya, unaprinti nembo kwenye karatasi ya uhamisho ya kulowekwa, na kazi imekwisha. Behewa la abiria la mita 25.5 linakuwa na sentimita 29 mezani, hivyo injini moja na mabehewa sita hufika mita 2. SGR ya Tanzania ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu ni ya umeme wa kilovolti 25. Nguzo na nyaya za juu unaweza kuzianza kwa bidhaa za Sommerfeldt wa Ujerumani, ila treni zenyewe itabidi uzijenge.

Udhaifu wa HO unajitokeza pale unapotaka injini ya mvuke ya reli ya mita. Chasi za milimita 12 ni chache na ghali, na nyingi ni za injini za umeme za Uswisi. Magurudumu makubwa ya klasi 59 yalikuwa na kipenyo cha futi 4 na inchi 6, ambacho kwa 1:87 ni milimita 15.8, na yako manane manane katika sehemu mbili. Kupata chasi mbili za namna hiyo kwa geji ya 12 maana yake ni kujichongea fremu mwenyewe, au kununua injini ya shaba ya Kijapani kwa pesa nyingi. (Wajapani hutumia 1:87 na milimita 12 kwa reli zao za milimita 1,067, kwa hiyo vipuri vyao vinatufaa.) Kwa injini za dizeli mambo ni mepesi: bodi ya plastiki au ya printa ya 3D juu ya bogi mbili (fremu za magurudumu za chini ya bodi) zilizobadilishwa ekseli, na umemaliza.

Wapo wanaokwepa shida hiyo kwa kuweka bodi ya 1:87 juu ya reli ya 16.5. Sikubaliani nao hata kidogo. Uzuri wote wa reli ya mita ni jinsi injini pana inavyokaa juu ya njia nyembamba. Klasi 59 ilikuwa na upana wa karibu mara tatu ya njia yake. Ukiipanulia njia, umeitoa Afrika Mashariki.

1:64: skeli ya mwenye mikono

Wajenzi wa New Zealand na wa Queensland, ambao reli zao ni za milimita 1,067 kama TAZARA, waligundua zamani kwamba ukichukua 1:64 na kuiweka juu ya reli ya kawaida ya HO, milimita 16.5, unapata geji yao karibu kamili. Tofauti ni pungufu ya milimita 0.2. Kwa mpenzi wa TAZARA suala limekwisha hapo: hakuna skeli nyingine ya ukubwa wa kushikika inayokaribia hivyo. Kwa reli ya mita, hiyo 16.5 inazidi kwa karibu milimita 1. Mtu mwenye jicho la fundi ataiona ukimwambia, asipoambiwa hataiona.

Faida kubwa iko chini ya bodi. Reli ya 16.5 ina chasi nyingi kuliko geji nyingine yoyote duniani, mpya na za mitumba. Rudi kwenye klasi 59: gurudumu la futi 4 na inchi 6 kwa 1:64 ni milimita 21.4. Injini za HO za Kimarekani za mpangilio wa 4-8-2 (magurudumu manne madogo mbele, manane makubwa ya kuendesha, mawili madogo nyuma), zile za abiria zenye magurudumu ya inchi 70 hadi 73, zina magurudumu ya milimita 20 hadi 21. Na mpangilio wa Garratt ya klasi 59 ni nini? 4-8-2+2-8-4. Chasi mbili za Kimarekani zikitazamana kwa migongo, na boila ikining'inia katikati kwenye fremu yake, zinakupa mifupa ya "Mount Gelai". Utanunua injini mbili ili upate moja, nalo si jambo dogo kwa mfuko, lakini zitembee tu. Bodi zao zikiwa zimevunjika ni nafuu zaidi, kwani huzihitaji.

Nilikulia Voi, na hapo ndipo Garratt zilipoingia damuni. Treni ya mizigo iliyotoka Mombasa ilisikika kabla ya kuonekana, na sauti yake haikuwa ya injini moja. Garratt ina seti mbili za silinda, moja mbele na moja nyuma, na haziendi kwa hatua moja. Mipigo ilianza pamoja, ikaachana taratibu hadi ikawa kama ngoma mbili za ukumbini zinazojibizana, kisha ikakutana tena. Tulikuwa tukisimama nje ya uzio, watoto wa mtaa wa reli, na aliyetangulia kutaja namba ndiye aliyekuwa mshindi. Mjomba wangu aliyefanya kazi karakana ndiye aliyetufundisha kuzisoma: tarakimu mbili za mwanzo ni klasi, mbili za mwisho ni injini yenyewe. 5918, yaani "Mount Gelai", ni ya kumi na nane katika klasi 59. Zilikuwa 34 kwa jumla, 5901 hadi 5934, zilizojengwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956 ili kuondoa mlundikano wa mizigo katika bandari ya Mombasa, kila moja tani 252 na kila moja na jina la mlima. Hakukuwa na injini ya mvuke ya geji ya mita yenye nguvu kuzizidi duniani. Mpaka leo nikisikia jina la Shengena, mlima wa Upare, kinachokuja kwanza akilini ni 5930.

Hizo mbili, 5918 na 5930, zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, na kwa mjenzi hapo ni chuo. Omba ruhusa, nenda na tepu ya kupimia, na kila picha ya ubavu iwe na rula au mtu amesimama ndani yake ili upate kipimo baadaye. Piga picha za mahali ambapo vitabu havionyeshi: chini ya kibanda cha dereva, viungo kati ya fremu ya boila na tangi la mbele, na mabomba ya mafuta. Klasi 59 zilichoma mafuta mazito, kwa hiyo usihangaike kutengeneza lundo la makaa nyuma. Kule nyuma kuna tangi lenye vifuniko. Na kwa kuwa injini nzima imeungwa sehemu tatu, hupinda kwenye kona vizuri kuliko urefu wake unavyotisha. Ndiyo maana Garratt zilipendwa kwenye njia zetu za kona kali, na mezani hali ni hiyo hiyo. Bado, kona ya chini ya sentimita 75 kwa 1:64 sikushauri, kwa sababu boila hutokeza nje ya njia na kugonga kila nguzo iliyo karibu.

1:64 ina baraka nyingine ndogo ambayo wengi huisahau: tugari twa chuma twa watoto, twa kujaa kiganjani, ambato tuko kila duka la vitu vya kuchezea, tuko karibu na skeli hii. Pikapu, lori na Land Rover za kupanga kwenye kivuko cha reli unazipata bila kuagiza ng'ambo. Watu ndio adimu. HO inazo sanamu za watu kwa maelfu kutoka kwa Preiser wa Ujerumani, ingawa wengi wamevaa makoti ya baridi na utatumia kisu na putty kuwageuza. Kwa 1:64 mtu mzima ana milimita 27, ukubwa unaotosha kumchorea mama kanga yenye pindo na mji wake, na ikaonekana kuwa kanga.

Hasara ni nafasi. Chukua treni ya klasi 59 na mabehewa nane ya mizigo ya mita 12 kila moja. Kwa HO treni hiyo ina mita 1.5. Kwa 1:64 ina mita 2 kamili. Kwa kuwa reli yetu ya mita ni njia moja yenye stesheni za kupishana, njia ya kupishana lazima iimeze treni nzima, na kila mwisho uongeze sentimita 25 hadi 30 za mgawanyo wa njia. Hasara ya pili ni kwamba SGR huwezi kuiweka kando kwa urahisi. Geji yake kwa 1:64 ni milimita 22.4, reli ya S ya Kimarekani, na treni zake zote ungezijenga kwa mkono.

Ndogo zaidi, na ile ya uani

N ni ya mwenye chumba kimoja cha kupanga anayependa SGR. Milimita 9 ni sahihi kabisa kwa 1:160, treni ndefu ya makontena inapendeza kwenye rafu ya vitabu, na reli za Kato zenye kokoto za plastiki zinafungwa na kufunguliwa kila jioni bila kuchakaa. Kwa reli ya mita utalazimika kutumia njia ya Z, skeli ndogo kuliko N, ya milimita 6.5. Inawezekana, lakini magurudumu ya klasi 59 yatakuwa na milimita 8.6, na hiyo ni kazi ya fundi saa.

TT ya 1:120 inastahili kutazamwa upya. Ilikuwa na wapenzi wengi Ujerumani Mashariki, ikafifia kwingine, kisha Hornby wakaingia mwaka 2022 na Peco wakatoa reli. Kwa hesabu zetu inavutia: TAZARA ni milimita 8.9, yaani reli ya N ya 9, na SGR ni 12 kamili. Anayetaka TAZARA na SGR ya Tanzania katika chumba kidogo hana skeli nzuri kuliko hii, naye ataokota chasi za N za Kijapani kwa ajili ya bodi zake. Kwa reli ya mita siipendekezi, kwani 9 inazidi sana.

Kuna G, ya kujengwa nje. LGB wa Nuremberg walipoianza mwaka 1968 waliiweka reli ya mita kwa 1:22.5 juu ya njia ya milimita 45, hivyo hii ni skeli kubwa iliyozaliwa kwa ajili ya geji kama yetu ya zamani. Klasi 59 inakuwa na mita 1.4 na huhitaji kona za mita kadhaa. Mwenye uwanja Morogoro au Limuru asiogope mvua: reli zake za shaba hustahimili. Adui ni mchwa na jua. Usiweke mbao hata moja chini ya njia. Mwaga msingi mwembamba wa zege, acha nafasi za mtanuko kati ya vipande vya reli, na injini uiendeshe kwa betri na rimoti ili usipoteze asubuhi zako ukisugua njia kupitisha umeme. Plastiki iliyoachwa juani mwaka mzima hupauka na kukatika, kwa hiyo mabehewa yaingie ndani baada ya kila safari.

Karakana: mambo ambayo skeli haiyabadilishi

Ubao wa plaiwudi wa futi 8 kwa 4 uchane kwa urefu upate vipande viwili vya futi 8 kwa 2. Viunganishe mwisho kwa mwisho na una meza ya futi 16, karibu mita 4.9, inayokaa ukutani. Kwa HO hapo unaweka stesheni ya kupishana, njia ya mizigo, na upande wa pili uliofichwa nyuma ya ubao wa picha wa kupanga treni. Kwa 1:64 stesheni inaingia, na nafasi iliyofichwa inatosha treni moja kwa shida.

Chagua plaiwudi ya milimita 12, na upake rangi pande zote mbili na kingo zake kabla ya kufunga chochote. Watu hulaumu joto kwa njia inayopinda, wakati mara nyingi ni mbao inayovuta unyevu masika na kuutoa kiangazi. Mombasa, Tanga na Unguja hili ni muhimu mara mbili. Acha pengo la unene wa kadi kati ya kipande kimoja cha reli na kinachofuata, na kamwe usinunue reli za chuma kitupu kwa matumizi ya pwani. Chukua za aloi ya shaba, zinki na nikeli.

Umeme usiutegemee viungio vya reli. Kila kipande cha reli kiwe na waya wake unaoshuka chini ya meza hadi waya mkubwa wa kugawia. Kulehemu kwenyewe kufanye hivi: piga msasa ubavu wa nje wa reli, sehemu ndogo tu ya kama milimita 3. Weka vipande viwili vya tishu iliyolowa maji kila upande ili mataruma ya plastiki yasiyeyuke. Weka risasi ya kulehemu kidogo kwenye reli, kidogo kwenye ncha ya waya, kisha viunganishe kwa kugusa pasi ya kulehemu kwa sekunde 2. Tumia risasi yenye rosini ndani, ile ya mafundi redio. Asidi ya mafundi mabati itakula kiungio ndani ya miezi.

Udongo ndio starehe yangu kubwa. Hakuna unga wa dukani unaoweza kuiga wekundu wa Tsavo, na huna haja nao: chukua udongo wenyewe, ukaange kwenye sufuria kuukuu hadi ukauke kabisa, uchuje kwa kichujio cha chai, kisha upitishe sumaku juu yake polepole ikiwa imefungwa kwenye karatasi. Utashangaa kinachonaswa. Udongo ule mwekundu una chembe za chuma, na chembe hizo zikiachwa mezani huruka hadi kwenye mota za injini na kuziua. Rudia sumaku mpaka itoke safi. Gundi ni ile nyeupe ya mbao, nusu kwa nusu na maji, pamoja na tone la sabuni ya vyombo ili ipenye bila kuunda matone. Kwa nyasi ndefu za kiangazi kata nyuzi za katani, zipake rangi ya chai hafifu, uzisimamishe kwa vishada. Katani halisi ya Tanga mbele ya stesheni ya Korogwe ya mfano, mezani hapo, inaleta raha ambayo siwezi kuieleza vizuri.

DC au DCC

Kwa DC ya kawaida ya volti 12, treni inafuata umeme wa njia: ukizidisha, inakimbia; ukizima kipande cha njia, inasimama. Kwa DCC, mfumo wa amri za kidijitali, njia ina umeme wakati wote, na kila injini ina chipu inayosikiliza amri zake peke yake, kwa hiyo mbili zinaweza kwenda kinyume kwenye njia moja, na taa na sauti unaziamuru. DCC ni ghali zaidi na kila injini mpya inadai chipu.

Kwa reli ya mita na TAZARA nachagua DC bila kusita. Ni njia moja. Treni inaingia njia ya kupishana, inasubiri nyingine ipite, ndipo inaruhusiwa kuondoka. Swichi ndogo ya kuzima umeme wa njia ya kupishana inakufanya ufanye kazi ileile ya mkuu wa stesheni. Kwa SGR, au kwa ile meza ya Syokimau yenye geji mbili na treni nyingi kwa wakati mmoja, DCC inalipa gharama yake. Na kuna kesi moja ambapo hata mpenzi wa reli ya mita ataihitaji: akitaka sauti ya Garratt. Chipu za sauti zipo ambazo hupiga mipigo ya seti mbili za silinda na kuziacha ziachane na kukutana. Kwa hiyo moja ningelipa.

Kabla ya kutoa pesa, kata kadibodi. Chora klasi 59, au DF11, au injini ya TAZARA, kwa ubavu tu, moja kwa 1:87 na nyingine kwa 1:64, uzisimamishe kwenye rafu ambapo reli itapita. Ziache hapo kwa wiki nzima na uzitazame usiku chini ya taa utakayotumia kweli. Shika kila moja uone kama vidole vyako vinaweza kufanya kazi juu ya kitu cha ukubwa huo, na kama macho yako yanasoma namba bila miwani ya pili. Kisha agiza mita moja tu ya reli na bogi mbili, ujenge behewa la mizigo, ulisukume kwa mkono kwenye njia hiyo. Injini iagizwe baada ya behewa hilo kupita kwenye mgawanyo wa njia bila kuruka.